Kosa Namba Moja

Ubao wa langoni unasema hivi, kwa rangi nyeupe:
HIFADHI NDOGO YA UKINGO WA KWEMSHIHWI.
ILITOLEWA KWA SERIKALI NA WANANCHI WENYEWE
KWA MOYO WA UZALENDO. USITUPE TAKA.
Ni mimi ninayeupaka kila masika yakiisha,
na kila nikifika kwenye neno "uzalendo"
brashi hunicheka mkononi.

Mgeni, lipa elfu mbili, chukua risiti,
panda taratibu, ngazi ya nne imelegea.
Juu utakiona ulichokifuata:
mlima unavyokatika ghafla hadi Mazinde,
mashamba ya mkonge yaliyochanwa kwa kitana,
reli kama uzi aliousahau fundi cherehani.
Utapiga picha. Wote hupiga.
Lakini ukiniuliza ilianzaje,
nitafunga kwanza daftari.

Ilianza kwa kesi.
Bibi yangu, Tatu Shemndolwa, mjane wa miaka thelathini na minne,
na shemeji yake Kaoneka,
wakigombea ekari kumi na saba za msitu
ambazo marehemu hakuwahi hata kuzifyeka.
Kaoneka alishakula arbuni ya wapasua mbao;
misumeno yao ililala wiki mbili uvunguni mwake
ikimsubiri hakimu.
Bibi aliiona hukumu inakoelekea,
kama unavyoiona mvua ikiwa bado ng'ambo ya bonde.
Akatembea usiku.
Alfajiri alikuwa Lushoto, barazani kwa bwana misitu,
tope magotini,
stakabadhi za kodi za mumewe kwenye pindo la kaniki.
"Andika," akasema. "Nimeipa serikali.
Nikikosa mimi, akose na yeye."

Bwana misitu, kijana wa Kipare mwenye kikohozi,
akatafuta fomu, hakuipata,
akaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita.
Ipo ofisini, ndani ya kioo.
Ukiigeuza, upande wa pili kuna picha ya trekta.

Hiyo ndiyo mbegu yetu: kijicho kitupu,
kama uji usiotiwa sukari.
Na imeota.

Sasa sikia ya Kaoneka.
Alirudisha arbuni kwa kuuza ng'ombe wawili,
kisha kila asubuhi akapanda ukingoni
kuitazama mali iliyomponyoka mdomoni.
Mwanzo alikuwa akitukana.
Halafu matusi yakamwishia, akabaki anatazama tu,
na mtu akitazama sana, hujua:
msambu upi huangusha tunda zito kuliko kichwa cha mtoto,
mkulo upi una nyuki,
yule kinyonga wa pembe mbili analala tawi lipi.
Serikali ilipotafuta mlinzi, ingemwajiri nani mwingine?
Wakampa koti la kaki, filimbi,
na daftari hili hili.

Fungua ukurasa wa kwanza. Soma mwenyewe, wino bado upo:
"Kosa Na. 1. Tatu Shemndolwa. Kuni kavu, mzigo mmoja.
Faini shilingi ishirini. Amelipa."

Miaka sita walikuwa hawajapeana hata salamu.
Mama, aliyekuwa mgongoni siku hiyo au anadai alikuwepo,
anasema bibi alizihesabu sarafu moja moja
kwenye kiganja cha shemeji yake,
akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.
"Haya," akasema. "Sasa naamini kweli ni ya serikali."
Naye Kaoneka, na hili hakuliandika,
akajitwisha ule ushahidi
akaupeleka hadi jikoni kwake.

Basi, panda, ukungu haujafunga bado.
Ukiona kijiti kimeanguka huko juu, kiache,
hata kiwe kidogo kama njiti ya kiberiti.
Daftari lina kurasa nyingi,
na mimi kalamu ninayo.